Nyeupe Zaidi ya Nini? Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Rangi kwa Kiswahili

Mteja akiingia duka la kanga la Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, akasema anataka "nyekundu zaidi ya hii", muuzaji mzoefu hashushi doti nyingine papo hapo. Huuliza kwanza: "Mama, unataka iliyokolea, inayowaka, au ile inayoelekea damu ya mzee?" Zote tatu ni nyekundu zaidi, na hakuna hata moja inayofanana na mwenzake. Neno "zaidi" likiachwa peke yake halijasema kitu.

Mwongozo huu ni wa watu wanaolazimika kutaja rangi wakaeleweka: anayeuza nguo kwa picha za simu, fundi rangi, mshonaji, mwalimu, mfasiri, hata mzazi anayemweleza muuguzi kwamba mtoto amebadilika. Kanuni zake si nyingi. Iliyo ngumu ni moja, nayo itajirudia kila hatua: ukilinganisha rangi, taja unailinganisha na nini.

Hatua ya 1: Jua rangi yako ni neno la aina gani

Kiswahili kina vivumishi halisi vya rangi vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote ni majina ya vitu au maneno yaliyoazimwa. Kijani kimetoka kwenye jani, manjano ni bizari ile ile ya mchuzi, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, waridi ni ua, zambarau na chungwa ni matunda. Samawati imetokana na neno la Kiarabu la mbingu. Bluu tumeichukua kwa Waingereza.

Utatu huo si upungufu wa lugha. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa hoja kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya: la weupe, la weusi na la wekundu. Hoja yao imekosolewa sana tangu hapo, hasa kuhusu namna walivyokusanya data, lakini Mswahili hahitaji kwenda maktaba kuuona utatu huo. Atazame kisutu, kanga ya harusi, moja ya kanga za zamani kabisa za pwani: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi.

Tofauti hii inagusa moja kwa moja namna ya kulinganisha. Kivumishi kinapokea "kuliko" bila shida: shati hili jeupe kuliko lile. Jina la kitu linagoma. "Shati hili la kijani kuliko lile" inachechemea, na sikio la mzawa linasubiri kitu kiongezwe. Tutarudi kwenye kijani katika hatua ya 4, kwa sababu ndiko watu wengi wanakokwama.

Hatua ya 2: Patanisha kwanza, linganisha baadaye

Kabla ya "kuliko" na "zaidi", kivumishi kikae sawa na nomino yake. Mtu mweupe, watu weupe. Mstari mwekundu, mistari myekundu. Jicho jekundu, macho mekundu. Kitambaa cheusi, vitambaa vyeusi. Nguo nyeupe, iwe moja au mia. Ukuta mweupe, kuta nyeupe. Mahali peupe.

Makosa yanayoonekana zaidi ni mawili. La kwanza ni la wanyama: paka, mbuzi, ng'ombe na kuku hufuata upatanisho wa viumbe hai, kwa hiyo ni paka mweusi na paka weusi, ingawa mitaani, hasa mijini Kenya, utasikia "paka nyeusi" kila siku. La pili ni la wingi wa ngeli ya M-MI, ambako watu hukwepa "myeupe" kwa kuona kama imekosewa. Haijakosewa. Miti myeupe, mikoba myeusi, mito myekundu ya sofa.

Ukifika kwenye kilele, yaani kitu kinachozidi wenzake wote, upatanisho unaingia mara ya pili: shati jeupe kuliko yote, kanga nyeupe kuliko zote, kitenge cheupe kuliko vyote, mtoto mweupe kuliko wote. Hapo ndipo matangazo mengi ya biashara huanguka, kwa sababu mtunzi ameandika "zote" kwa mazoea bila kuangalia anauza nini.

Hatua ya 3: Chagua neno la kulinganishia

Kuliko ndilo neno la kawaida na ndilo salama zaidi katika maandishi. Ukilichunguza utaona limejengwa kwa ku-li-ko, kule ambako kitu kipo. Lugha yenyewe inakuelekeza: kitu hiki ni cheupe, ukisimama pale kilipo kile. Ndiyo maana "kuliko" haliwezi kubaki bila kitu mbele yake. Linapokea nomino (kuliko theluji), kiwakilishi (kuliko lile), kimilikishi (kuliko la kwako), wakati (kuliko jana), na linapokea sentensi nzima kwa -vyo-: ukuta umekuwa mweupe kuliko ulivyokuwa, kanga ilifika nyeusi kuliko nilivyoiona kwenye picha. Umbo hili la mwisho wauzaji wa mtandaoni wanalijua vizuri, maana ndilo linaloanzia malalamiko.

Mfano uliokaa vichwani mwa wengi ni Zaburi ya 51, mstari wa 7, katika Biblia ya Kiswahili: "Unioshe, nami nitakuwa mweupe kuliko theluji." Wasomaji wengi wa pwani hawajawahi kukanyaga theluji, lakini sentensi inafanya kazi, kwa sababu kipimo kimetajwa. Msomaji anajua ni weupe wa kiwango cha juu kuliko kitu ambacho tayari kinasifika kwa weupe. Linganisha na Isaya 1:18, ambako dhambi nyekundu zinakuwa "nyeupe kama theluji". Huko weupe unalingana na theluji, huku unaipita. Neno moja la kulinganishia limebadilisha ahadi nzima.

Kushinda na kupita hufanya kazi ile ile kwa ladha tofauti. Kenya "kushinda" limetawala mazungumzo: huyu mweusi kushinda yule. Kiswahili cha Kongo kinapendelea "kupita". Yote mawili ni vitenzi, kwa hiyo yanaweza kubeba kiambishi cha mtendwa: mweupe kumshinda dada yake, mrefu kumpita babake. Kwa watu, mimi napenda umbo hili kuliko "kuliko", maana linasikika kama mtu anaongea na watu anaowajua.

Zaidi ya linafaa hasa kwa idadi na vipimo: zaidi ya mita mbili, zaidi ya kopo moja. Kwa rangi linaeleweka, ila ni jepesi. "Zaidi kuliko" ni kurudia, na walimu hulikemea. Katika mazungumzo liache lipite. Katika maandishi futa neno moja.

Kuzidi hutumika pale rangi inapogeuzwa kuwa nomino: weupe, weusi, wekundu. "Weusi wa nywele zake umezidi wa mama yake." Njia hii ni nzuri ukitaka kusema kiasi: weupe umezidi kidogo, wekundu umezidi mno.

Vipi kuhusu kupungua? Usitafute neno moja la "pungufu" la kubandika kwenye rangi. Kiswahili hugeuza sentensi iwe ya kukanusha: shati hili si jeupe kama lile. Jihadhari na "kidogo". "Nyeupe kidogo" ina maana mbili: haijawa nyeupe vya kutosha, au imezidi kidogo tu ile nyingine. Fundi rangi akiambiwa "ongeza nyeupe kidogo", anaweza kumimina nusu lita akiwa hana kosa lolote.

Hatua ya 4: Rangi zisizo vivumishi zilinganishe kwa vitenzi

Hapa ndipo utajiri ulipo, na ndipo tafsiri za haraka zinapolipua lugha. Mfasiri akikutana na kijani kilichozidi kijani, huandika "kijani zaidi". Wauza nguo, mafundi na wapishi hawasemi hivyo. Wao hutumia kitenzi kinachoeleza rangi imefanya nini.

Kukolea na kukoza: rangi imeingia ndani, imeshiba. Kijani cha shati hili kimekolea kuliko cha lile. Bluu iliyokoza. Chai iliyokolea. Kupauka: rangi imepoteza uhai, imekuwa kama vumbi, hutumika kwa nguo na kwa ngozi isiyopakwa mafuta. Kufifia na kufubaa: mng'ao umepungua, rangi yenyewe ikiwa bado ipo. Kuchuja: nguo inatoa rangi kwenye maji. Kuchujuka na kukwajuka: imeshatoa, imebaki hafifu. Kuwaka: rangi inapiga macho, kama njano ya makoti ya wafanyakazi wa barabarani. Kupoa: kinyume cha kuwaka, rangi tulivu isiyogombana na macho.

Ona sasa jinsi vitenzi hivi vinavyotofautisha vitu ambavyo "zaidi" ingevifukia. Kanga mbili za bluu zinaweza kuwa na bluu ile ile dukani. Baada ya kufuliwa moja imechujuka na nyingine imefubaa tu. Ya kwanza ni tatizo la rangi ya kiwandani. Ya pili huenda ni sabuni iliyobaki kwenye nyuzi. Anayesema "hii bluu imekuwa bluu kidogo" hajamsaidia mtu.

Kwa matunda na mazao, usiguse neno la rangi kabisa. Embe lenye kijani kuliko jingine ni bichi kuliko jingine. Lenye manjano zaidi limeiva zaidi. Nyanya "imeanza kuiva", "imeiva", "imeiva sana", na kila muuza genge anaona rangi kichwani bila kuitaja. Zambarau ni kichekesho kidogo: tunda hilo likiiva kabisa linakaribia kuwa jeusi, na rangi tunayoiita zambarau ni ile inayobaki ulimini. Kwa hiyo tunda lililoiva ni zambarau kuliko zambarau, ukipenda kusema hivyo.

Majina yenyewe ya vitu pia ni vipimo vya kulinganishia. Damu ya mzee ni nyekundu iliyozidi kukolea mpaka ikaelekea weusi. Bluu bahari ni bluu iliyopoa. Rangi ya ugoro, rangi ya samli, rangi ya jani la mgomba: kila moja inamwekea msikilizaji kitu mkononi. Ukikwama, tumia "inayoelekea": kijani inayoelekea bluu, nyekundu inayoelekea chungwa.

Hatua ya 5: Usichanganye kilele na ulinganisho

Kiswahili kina maneno madogo ya kufunga mjadala wa rangi: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu ndu. Vitabu vya shule vya Kenya huyaandika kwa kurudia, pepepe na tititi, na kuyaweka kwenye tanakali za sauti. Kazi yake ni kusema rangi imefika mwisho, hakuna mbele zaidi.

Ndiyo maana hayakai na "kuliko". "Nyeusi tii kuliko ile" ni kumwambia mtu kwamba gari limefika kituo cha mwisho halafu linaendelea. Chagua moja: ama ni nyeusi tii, ama ni nyeusi kuliko ile. Angalia pia kwamba maneno haya yamegawiwa vivumishi vile vitatu tu. Kijani, njano na bluu hazina lao. Zinabaki na "kabisa" na "iliyokolea".

Kinyume chake ni kurudia rangi yenyewe ili kuipunguza. Kitu chekunduchekundu hakijawa chekundu hasa, kina wekundu tu. Maji meusimeusi yana uchafu bila kuwa meusi. Umbo hili linafaa sana unapoeleza kitu ambacho hujakiona vizuri, na linakuondolea lawama.

Hatua ya 6: Rangi za watu, ambako kivumishi chenyewe ni ulinganisho

Neno "mweupe" linapomhusu mtu haliwezi kueleweka bila kujua mizani. Dodoma, Kisumu au Bujumbura, ukisema "yule dada mweupe", hakuna anayemtafuta Mzungu. Mzungu ana jina lake. Unayemwelekeza anatafuta, kati ya madada waliopo, mwenye ngozi nyepesi kuliko wenzake. Akihamia ofisi nyingine yenye watu weupe kumshinda, dada huyo huyo anaweza kuwa "yule mweusi". Ngozi ni ile ile. Kilichobadilika ni waliokaa naye.

Kati ya mweupe na mweusi tii pana maji ya kunde, rangi ya maji yaliyobaki baada ya kuchemsha kunde. Ni neno zuri, la heshima, na linapendwa kwenye maelezo ya mtu aliyepotea kwa sababu linapunguza ubishi. Nairobi vijana wana "rangi ya thao", rangi ya noti ya shilingi 1,000, kwa mwanamke mweupe. Ni la utani na halifai kuandikwa kwenye barua ya kazi.

Lakini ipo mizani ya pili. Habari za kimataifa zinaposema "Wamarekani weusi", hapo mweusi ni jamii, historia na asili, wala si kivuli cha ngozi. Ndani ya kundi hilo wapo watu ambao mtaani Tanga wangeitwa weupe bila kusita. Mfasiri asiyejua kwamba anahama mizani anaweza kuandika katika aya moja kwamba msanii fulani ni mweusi na ni mweupe, na msomaji akabaki ameduwaa. Suluhisho ni kuitaja mizani: Mmarekani mweusi, mwenye ngozi nyepesi. Au: maji ya kunde.

Mambo matatu ya adabu hapa. Mwenye ualbino haitwi "mweupe pe". Mwite mtu mwenye ualbino, tena pale tu hali hiyo inapohusika na habari. Usilinganishe watoto wa nyumba moja kwa rangi mbele yao, hata kwa sifa. "Huyu katoka mweupe kumshinda kaka yake" ni sentensi ambayo mashangazi huisahau jioni ile ile na mtoto huikumbuka miaka. Na matangazo ya mkorogo hutumia "mweupe zaidi" bila kusema zaidi ya nani, kwa makusudi, kwa kuwa anayelinganishwa ni wewe mwenyewe uliyesimama mbele ya kioo.

Kuna pia mweupe asiyehusu ngozi wala nguo. "Niko mweupe" kwa Tanzania ni sina kitu: sina hela, au sijui chochote kuhusu jambo hilo. Mwanafunzi akitoka chumba cha mtihani akasema alikuwa mweupe pe, maana inaeleweka. Moyo mweupe ni mtu asiye na kinyongo. Mchana kweupe ni mbele ya watu wote. Na Wekundu wa Msimbazi ni Simba. Huko ukiuliza nani mwekundu zaidi hujauliza rangi, umeanzisha ugomvi wa mapenzi ya timu, na watu wa kijani na njano wa Jangwani watakuwa na la kuongeza.

Hatua ya 7: Linganisha kwenye mwanga mmoja

Maneno yakishanyooka, macho nayo yanyooshwe. Wauzaji wa leso wa Biashara Street, Mombasa, hutoka na mteja mpaka mlangoni kabla ya kukata shauri, na wana sababu. Taa ya dukani ina rangi yake. Nyuzi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa juani, kwa kuwa kila rangi hurudisha mwanga kwa namna yake. Jozi ya nyeusi na bluu iliyokoza ndiyo inayodanganya zaidi. Soksi za shule ni ushahidi.

Kipimo cha zamani cha aina hii kipo katika Qur'ani, sura ya al-Baqara, aya ya 187, inayowaruhusu wanaofunga kula na kunywa mpaka uzi mweupe wa alfajiri ubainike na uzi mweusi. Wafasiri wanaeleza kuwa ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Angalia mpangilio wake: haikusemwa mpaka kuwe kweupe kiasi gani, zimewekwa rangi mbili kando kwa kando, na tofauti yao ndiyo jibu.

Zahanati wanafanya vivyo hivyo. Mhudumu wa afya anayechunguza mtoto kwa dalili za upungufu wa damu hutazama viganja vya mtoto, akivilinganisha na vya kwake mwenyewe na vya watoto wengine. Mzazi naye anaweza kuripoti kwa namna hiyo: "viganja vyake vimekuwa vyeupe kuliko vya mdogo wake", "mkojo umekolea kuliko jana", "macho yana manjano, hayakuwa hivi wiki iliyopita". Sentensi za namna hiyo zina thamani mbele ya daktari kuliko "amebadilika rangi".

Kwa anayeuza mtandaoni, fuata utaratibu huu:

Piga picha nje, kivulini, mchana, wala si chini ya taa. Weka karatasi nyeupe ya kawaida pembeni ya nguo, kwa sababu kamera ya simu hujirekebishia rangi yenyewe, na karatasi itamwonyesha mteja imepotoka kiasi gani. Kwenye maelezo, taja jina la rangi, kisha kitenzi, kisha kipimo: "Kijani iliyokolea, imeiva kuliko inavyoonekana pichani, karibu na jani la mgomba." Kwa kanga, taja rangi ya pindo na ya mji, yaani sehemu ya katikati, kila moja peke yake, maana mara nyingi pindo hukolea kuliko mji. Usiandike "haichuji" kabla hujasugua kitambaa cheupe chenye maji kwenye kona ya nguo. Kitambaa kikibaki cheupe, andika. Kikipata doa, andika "ifuliwe peke yake", na utajiokoa na mabishano.

Kwa ukuta, majina ya rangi hayatoshi kabisa. Andika namba ya rangi iliyo kwenye kopo, nunua makopo yote kwa mara moja ya toleo moja, na paka kipande kidogo ukisubiri kikauke. Rangi ya maji hubadilika ikikauka, hivyo kulinganisha ukuta mbichi na ukuta mkavu ni kazi bure.

Hatua ya 8: Ukitaka iwe nyeupe zaidi kweli

Weupe wenyewe una madaraja, na wafanyabiashara wa pwani waliyapa majina zamani. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, yenye rangi ya krimu, iliyoletwa kutoka Marekani, nchi iliyotiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, mwaka 1833. Jina la nguo ni jina la ilikotoka. Bafta ilikuwa pamba iliyopaushwa, nyeupe. Mwenye duka hakuhitaji kusema "nyeupe zaidi". Alisema bafta, mteja akajua.

Nyumbani, kanzu nyeupe ikianza kuelekea njano, suuza ya mwisho hutiwa bluu ya kufulia, kiasi kidogo sana, maji yakiwa na kivuli tu cha bluu. Bluu huifunika ile njano machoni. Ajabu yake ni kwamba nguo sasa inarudisha mwanga pungufu kidogo kuliko mwanzo, ila jicho linasema imezidi kuwa nyeupe. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina kemikali zinazofanya kazi kwa njia nyingine: hunyonya mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha ukiwa wa bluu, na nguo inang'aa kweli ukitoka nje. Ndani ya nyumba yenye taa ambayo haina mwanga huo, tofauti inapungua. Mtu akikuambia kanzu yake ni nyeupe kuliko yako, mwambie mtoke nje wote wawili.

Bluu isimwagwe juu ya nguo moja kwa moja. Ikorogwe kwanza kwenye maji yote, nguo iingizwe ikiwa imeshasuuzwa sabuni, igeuzwe geuzwe, itolewe mapema. Ikizidi, kanzu inakuwa na samawati, na hapo hakuna kuliko wala zaidi itakayokusaidia, ni kuirudisha kwenye maji safi na kusuuza upya.